Mbaraka Mwinshehe na Miaka Iliyobaki Kabla ya 2029

Ukishuka kutoka Kilakala kuelekea mjini Jumamosi jioni, ni nadra kufika bila kulisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka likitoka katika baa moja au nyingine. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34 tu. Bado yuko kazini. Ninachouliza leo ni kwamba ujira wake unakwenda kwa nani.

Alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, lakini jina alilipatia hapa Morogoro akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokuwa na mpinzani mjini humu humu: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na baadaye ya Juma Kilaza. Jina hilo la Cuban linatosha kutueleza santuri za Kikuba zilivyowateka vijana wa wakati ule. Mbaraka alizisikiliza, akaisikiliza na rumba ya Kongo, kisha akavichanganya vyote na mahadhi ya ngoma za kwetu na Kiswahili cha kusimulia. Solo lake halina haraka. Linajibizana na mwimbaji kama wazee wawili barazani. Wanaomwita mwigaji wa Wakongo, nadhani hawajamsikiliza hadi mwisho wa wimbo.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Tukio hili lastahili kusomwa na wanafunzi wa siasa pia. Katika zama hizo NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, JKT na kiwanda cha nguo cha Urafiki walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipewa mshahara na vyombo, naye akabeba jina la mwajiri. Siubezi mpango huo, kwani uliwapa wasanii heshima ya ajira ambayo wengi wao leo hawana. Ila yeye alichagua kusimama mwenyewe.

Kusimama mwenyewe hakukumfanya adui wa dola. Alikwenda Japani na Morogoro Jazz katika maonesho ya Osaka ya 1970. Aliimba kumwomboleza Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971. Taifa lilimhitaji, naye akaitika. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo biashara ya muziki wake ilikuwa Nairobi, na wimbo wake “Shida” ukavuma sana Kenya. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, ila bila chombo cha kukusanya fedha za mtunzi ilibaki karatasi.

Chombo hicho, COSOTA, kilitokana na Sheria Na. 7 ya 1999. Sheria hiyo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Pigeni hesabu: ulinzi wa tungo za Mbaraka unakoma mwishoni mwa 2029. Kuanzia hapo kila mtu atazitumia bure.

Wapo watakaosema ni vyema, urithi ni wa wote. Nami napenda kijana yeyote azipige bila kuomba ruhusa. Hata hivyo, kati ya miaka hiyo 50, zaidi ya 20 ilipita kabla ya COSOTA kuwa na meno, na mirabaha ya matangazo ya redio na televisheni iligawiwa Januari 2022, miaka 43 baada ya msiba. Tunajiandaa kutangaza kuwa mali ya umma kitu ambacho umma haujakilipia.

Watumishi wa umma mnaonisoma, jambo hili haliwashindi. TBC, iliyorithi kanda za Radio Tanzania, ichapishe orodha ya nyimbo ilizonazo pamoja na majina ya watunzi. Vituo vyote viwasilishe kila mwezi orodha ya nyimbo vilizopiga. Halmashauri zinapotoa leseni za baa zidai kwanza kibali cha muziki.

Jirani yangu mmoja, kijana anayechanganya dansi na singeli kwa gitaa la kuazima, aliniuliza kama kuna maana ya kusajili nyimbo zake. Nilimwambia asajili. Akaniuliza mzee Mbaraka alilipwa kiasi gani mwaka jana, nami sikuwa na mahali pa kumwelekeza akasome.