Muhuri Usioshuhudia Kitu

Kushuhudia ni kuona. Asiyeona akitoa ushahidi, neno lake halina uzito hata likipigwa muhuri. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yalijua jambo hili, nayo imeagiza kuwa nakala ya hati ya umma ithibitishwe na mtumishi aitunzaye hati yenyewe.

Na tutazame yampatayo mfiwa. Mtu amefariki Nyalikungu, makao makuu ya wilaya ya Maswa, ameacha ng'ombe, kiwanja na akiba benki. Ukoo umekaa, umemteua mjane wake. Mahakama ya Mwanzo imempa hati ya usimamizi wa mirathi. Ikiwa hati hiyo imetolewa kwa njia ya kielektroniki, asili yake haimo katika karatasi aliyoishika mjane. Imo katika kumbukumbu za mahakama, na kila karatasi ni chapa tu. Walakini aendapo kudai haki huambiwa: "Kalete nakala iliyothibitishwa na wakili." Mjane hulipa nauli, hulipa chapa, hulipa muhuri. Wakili hulinganisha karatasi na karatasi, kisha huandika kuwa ni nakala halisi ya asili. Asili ipi? Aliyoiona ni chapa kama ile aliyoipiga muhuri. Ameshuhudia kuwa kivuli chafanana na kivuli.

Lawama si ya wakili, kwani ametenda aliloombwa. Lawama ni ya ofisi iombayo. Tangu mwaka 2015 Sheria ya Miamala ya Kielektroniki yataka uzito wa kumbukumbu za namna hii upimwe kwa uaminifu wa njia zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na zilivyopelekwa. Haya hayapimwi kwa wino wa muhuri.

Watasema kuwa mirathi ina matapeli wengi. Ni kweli, na wapo waliodhulumiwa urithi kwa hati za kughushi. Lakini awezaye kughushi hati hashindwi kuchonga muhuri. Njia ya mwongo ni fupi, walakini ni fupi pale tu penye wa kuuliza; naye wa kuulizwa ni mahakama iliyotoa hati.

Watasema tena kuwa vijijini umeme hukatika na mtandao hupotea. Basi karani wa mahakama iliyotoa hati na atoe nakala aliyoithibitisha mwenyewe, siku ile ile mjane apewapo hati, na kila ofisi iikubali. Huyo aweza kushuhudia, maana kumbukumbu i mikononi mwake.

Mzigo wa kuhakiki ni wa mwenye shaka. Ofisi yenye shaka na iiandikie mahakama, wala isimtume mjane kuzunguka na bahasha huku yatima wakingoja riziki yao. Marehemu aliacha mali ili iwalishe watoto wake. Hakuiacha ili iliwe na mihuri.