Zawadi ya Mkono wa Mtoto kwa Mamake

 

Kila ukaribiapo mwezi wa Mei, suali moja hutujia kutoka kwa akina mama na walimu wa madrasa. Watoto hurudi kutoka skuli wakitaka pesa za kununulia kadi na maua ya plastiki kwa ajili ya Siku ya Mama. Je, wapewe au wakatazwe? Jibu letu lina sehemu mbili, nasi tutaanza na ile ya siku yenyewe.

Siku hiyo asili yake ni Marekani. Mwanamke aitwaye Anna Jarvis alifiwa na mamake mwaka 1905, na mwaka 1908 akaandalia kumbukumbu yake ibada katika kanisa la mji wa Grafton. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya mama nchini humo. Ajabu ni kwamba Jarvis mwenyewe aliishia kuwa mpinzani mkubwa wa mambo ya siku hiyo, alipoona wafanyabiashara wa kadi, maua na peremende wameigeuza soko. Sisi Waislamu tuna Idi zetu mbili, na wanavyuoni wengi wametuonya tusijizidishie sikukuu. Tena haki ya mama haina msimu. Mwenye kumkumbuka mamake Jumapili moja kwa mwaka amezisahau siku nyingi mno.

Lakini haifai tumkataze mtoto jambo jema kwa sababu tu limekuja kwa mlango tusioupenda. Na hii ndiyo sehemu ya pili. Mtoto anayetaka kumpa mamake zawadi ana kiu njema, na kiu hukatwa kwa maji. Tumwambie: mpe mamako zawadi, usingoje Mei, wala usimwombe babako pesa. Itengeneze kwa mkono wako.

Msingi wa jambo hili ni mpana katika dini yetu. Surat Luqman, aya ya 14, yataja uchovu wa mimba na miaka miwili ya kunyonyesha, kisha yaamrisha shukurani kwa Mola na kwa wazazi wawili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema naye, akatajiwa mama mara tatu kabla ya kutajiwa baba. Ama kuhusu zawadi, Mtume (s.a.w.) aliwahimiza wanawake wasiidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa kondoo.

Na kazi ya mkono ina daraja yake. Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Mama wa Waumini Zainab bint Jahsh (r.a.) alifanya kazi kwa mikono yake na kile alichokipata akakitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) alikuwa amewaambia wake zake kwamba wa kwanza kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu zaidi, nao wakawa wakipimana mikono. Alipofariki Zainab ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ulikuwa wa ukarimu.

Basi watoto wetu watengeneze nini? Hatuna haja ya kwenda mbali, kwani pwani yetu yenyewe ni karakana.

La kwanza ni kikuba, ambacho hata mtoto wa miaka sita aweza kukitunga. Vitumba vya asumini huchumwa alasiri, vikiwa bado vimefumba. Mtoto avitunge kwa sindano na uzi wa pamba, kisha avifunge pamoja na vitawi vya mrehani, na akibahatika kupata mkadi, aongeze kipande. Akifunike kwa kitambaa kibichi hadi baada ya Maghrib. Kufikia Isha asumini itakuwa imefunguka, na nyumba nzima itajua kuwa mama amepewa zawadi. Ila asumini yenyewe ichumwe kwa idhini. Mti wa jirani una mwenyewe, na zawadi ya kuiba haipandi juu.

La pili ni tasbihi. Zatakiwa shanga 33 zilizo sawasawa, moja kubwa ya kichwa, na uzi madhubuti kama ule wa mshipi wa kuvulia samaki. Baada ya kila shanga 11 na iwekwe ndogo ya rangi nyengine, isiyohesabiwa, ili kidole kijue kimefika wapi. Uzi usikazwe, uachiwe nafasi ya upana wa kidole ili shanga zipate kusogea. Twajua kuhesabu kwa vidole ndiko bora, lakini mama anayemlaza mtoto mapajani huku akileta uradi hufaidika na msaada huu. Na mtoto anapotunga, afundishwe kumwombea mamake kwa kila shanga anayoipitisha. Ndugu wadogo wa umri wa kutia vitu mdomoni wawekwe mbali na shanga.

La tatu ni ukili. Mikeka ya plastiki imejaa madukani, na watoto wengi wa mjini hawajawahi kushika mwaa wa mkindu. Hasara hii ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwani bibi anapofariki hufa na mkono wake, na hakuna duka linalouza mkono. Mtoto aanze kwa miyaa mitatu, kama anayesuka nywele, kisha mitano. Miyaa iliyokauka itiwe maji kwanza ili ilainike, la sivyo itakatika. Ukili wa shibiri moja na nusu, ukishonwa ncha zake, watosha kuwa alama ya kuweka ndani ya msahafu wa mama, asije akakunja ukurasa. Atakayeendelea atasuka ukili mrefu, na ukili mrefu ukishonwa mzunguko juu ya mzunguko huwa kawa ya kufunikia chakula. Hapo mwalimu ni bibi. Na zawadi moja itakuwa imefurahisha nyoyo mbili.

La nne ni mfuko wa msahafu wa kipande cha leso. Mtoto aukunje mara mbili mtandio wa kitambaa, aulaze msahafu juu yake, apime na kuzidisha upana wa vidole vitatu kila upande, kisha akate. Ashone pande mbili kwa ndani, augeuze, akunje mdomo na apitishe kamba. Akikata kwa busara, sehemu ya pindo itakuja mbele na kuupamba mfuko bila ya kazi ya ziada. Tahadhari moja: leso iwe kuukuu, tena iwe ya bibi au ya shangazi aliyeridhia. Atakayeikata leso mpya ya mamake ili amshonee mamake mfuko, atajionea mwenyewe.

La tano twawapa wavulana waliofika miaka kumi na miwili, kwani wapo wanaodhani kazi za mkono ni za dada zao, ilhali Mtume (s.a.w.) alishona nguo yake na kuvitengeneza viatu vyake mwenyewe. Na watengeneze upawa. Achukue kifuu cha nazi iliyokomaa, ile nusu isiyo na macho ili isivuje. Akikwangue na kukisugua kwa msasa, nje na ndani, mpaka kilainike kama ubao uliorandwa. Kisha, babake akiwa kando yake, atoboe matundu mawili yanayokabiliana karibu na mdomo, apitishe kijiti imara cha urefu wa dhiraa moja, na akipake mafuta ya nazi. Kila mama atakapoteka mchuzi, mwanawe atakuwa yuko jikoni pamoja naye.

Kuna adabu tatu ambazo twawausia wazazi wazichunge. Kwanza, aya za Qur'ani na jina la Mwenyezi Mungu visiandikwe kwenye kadi au kitu ambacho kesho kitaangushwa sakafuni, kikanyagwe au kitupwe jaani. Badala yake mtoto aandike maneno yake mwenyewe, hata yakiwa matatu. Pili, katika mapambo tujiepushe na sura za watu na wanyama. Nakshi zipo tele: maua, nyota, na michoro ya milango na vidaka vya Lamu, ambavyo mtoto aweza kuviiga kwa rula na penseli. Tatu, kazi iwe ya mtoto. Baba aliyeshona mfuko wote usiku huku mwanawe amelala ameshona mfuko mzuri, lakini amemnyima mwanawe thawabu na furaha. Kazi ya baba ni kutafuta vifaa, kushika mkasi panapohatarisha, na kutunza siri.

Sasa twageukia jambo lililo zito zaidi, nalo ni watoto ambao mama hayuko nyumbani.

Wako watoto katika mitaa yetu ambao mama zao wako Saudia na nchi nyengine za Ghuba, wanafanya kazi katika nyumba za watu ili hawa wapate karo na chakula. Mtoto kama huyu husikia wenzake wakitaja zawadi, naye huinamisha kichwa. Mlezi wake asimwache. Ukili wa alama ya msahafu hauna uzito. Waingia ndani ya bahasha, au katika mkoba wa msafiri yeyote anayekwenda. Mama aliyeko ugenini akiufungua msahafu wake usiku na kuushika ukili uliosukwa na mwanawe, atapata kitu ambacho simu haiwezi kumpa. Na kama hapana msafiri, mtoto ahifadhi sura moja mpya, amsomee kwa sauti iliyorekodiwa. Hiyo nayo ni kazi ya mkono, ila mkono wake ni ulimi.

Wako pia waliofiwa na mama. Mwalimu wa madrasa anayewafundisha watoto kazi hizi na awe na habari zao mapema, asiwashtukize mbele ya wenzao. Sahaba Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mamake ilhali yeye hayupo. Aliporudi akamuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo sadaka itamfaa mamake, akajibiwa kuwa itamfaa, naye akaitoa sadaka bustani yake. Basi mtoto yatima naye afanye upawa au mkeka mdogo, aupeleke madrasani au kwa mama mhitaji, kwa nia ya mamake. Aambiwe waziwazi, tena kwa upole, kwamba zawadi yake yafika. Na ambaye amelelewa na bibi, na mama mkubwa, au na mke wa babake aliyemfanyia wema, huyo ana mtu wa kumpa, na kumpa hakumpunguzii mama mzazi chochote.

Kwenu akina mama tuna ombi. Zawadi ya mtoto huwa na kasoro. Upawa utakuwa umepinda, tasbihi itakuwa na shanga 32, mfuko utakuwa na mishono kama nyayo za kuku. Msicheke mbele ya wageni, wala msiitengeneze upya mtoto alipolala. Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na kuilipa. Ipokeeni, itumieni siku ile ile, na ilipeni kwa dua aisikie kwa masikio yake. Na wakiwa watoto ni zaidi ya mmoja, fanyeni uadilifu katika kushukuru. Msisifu kazi ya dada mbele ya kaka mpaka kaka aichukie yake. Hapa pwani twamkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa nasaha. Mama alimpa mwanawe kazi ya mkono wake akiwa katika maumivu, na kazi hiyo yasomwa hadi leo. Mtoto arudishapo kikuba tu, deni halijalipwa, lakini mlango wa kulilipa umefunguka.

Nanyi watoto wetu, neno la mwisho ni lenu. Mtu alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wahai. Aliposema ndiyo, akaelekezwa kwao, akafanye juhudi yake huko. Kwa hivyo zawadi uliyoitengeneza haikuondolei wajibu wa kuitika unapoitwa, kuteka maji, kufagia ua na kushusha sauti. Mkono uliotunga tasbihi jioni, kisha asubuhi ukapigisha mlango kwa hasira, umeikata tasbihi ile kabla uzi wake haujachakaa. Anza na kikuba, endelea na utiifu, na usiku kabla ya kulala muombee mamako na babako rehema, kama tulivyofundishwa katika Surat Al-Israa, aya ya 24.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mama walio hai, awarudishe salama walio safarini, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.