Kongo Mashariki: Wanaotuliza wengine hutulizwa na nani?

Tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, na kisha Bukavu katikati ya Februari, habari nyingi zimehusu wakimbizi na mazungumzo ya amani. Wachache huwataja wanasaikolojia na washauri nasaha wanaowapokea waliobakwa, waliofiwa na watoto walioshuhudia mauaji, ilhali wao wenyewe wamekesha wakisikia milio ileile ya risasi.

Taaluma yao imejengwa juu ya umbali: mgonjwa huja akiwa katikati ya dhoruba, mshauri humpokea akiwa nchi kavu. Mmarekani Charles Figley, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu uchovu wa huruma, alieleza madhara yanayompata mtu kwa kusikiliza mateso ya wengine. Usingizi humtoroka, masimulizi humrudia kama picha, na hatimaye moyo hufa ganzi. Mashariki mwa Kongo hakuna nchi kavu. Mshauri anayemsikiliza mama aliyepotelewa na mwana huenda naye ana ndugu asiyejulikana alipo, na kijiji kinachotajwa katika kisa hicho pengine ndicho alichozaliwa.

Siri ya kazi huzidisha uzito. Mfanyabiashara aliyeporwa mchana humsimulia mwenzake jioni. Mshauri hana ruhusa hiyo. Katika mitaa ambamo watu wanajuana kwa koo, hata kisa kisicho na jina hutambulika upesi.

Kuna pia hatari ya mwili. Dakta Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 na kutunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2018, alikuwa mkurugenzi wa hospitali ya Lemera wakati wagonjwa walipouawa vitandani mwao mwaka 1996. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake. Mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya, kisha akarejea mwanzoni mwa 2013. Yeye ni mtu mashuhuri, na dunia ilipiga kelele. Msaidizi wa kisaikolojia wa mtaani hana wa kumpigia kelele.

Dawa zinazopendekezwa na vitabu zinajulikana: mapumziko, usimamizi wa mtaalamu mwandamizi, na mshauri naye kuwa na mshauri wake. Zote zinahitaji fedha na watu. Januari hiyohiyo ya 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Na Goma ilipotekwa, benki zilifungwa. Warsha za kujitunza, ambazo mashirika huzipenda kwa kuwa ni rahisi kuziandikia ripoti, haziwezi kuziba pengo hilo. Humwachia mtu binafsi mzigo uliopaswa kubebwa na mwajiri: mshahara unaofika kwa wakati, idadi ya wagonjwa yenye kikomo, zamu zinazomruhusu kulala.

Goma ina kituo cha tiba ya akili kiitwacho Tulizo Letu. Mshauri aliyelemewa akienda huko, huenda akawakuta wagonjwa wake mwenyewe wameketi wakisubiri zamu.