Githeri Haina Kosa

Ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo linalolalamikiwa hapa shuleni kila siku ya Mungu, nalo ni chakula cha mchana. Kengele ikilia tu utasikia, "Githeri tena!" Kuna wenzetu ambao huchukua pesa walizopewa na wazazi wakaenda zao kwa kibanda cha nje ya lango kununua chipsi na soda. Ati githeri ni chakula cha washamba. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini. Maharagwe yana laisini tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivipika pamoja, kila kimoja kinamfaa mwenzake. Nyanya zetu hawakusoma bayolojia na walipika vivyo hivyo. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji kama gramu 46 za protini kwa siku, na mvulana 52. Hiyo soda haina hata gramu moja!

Hata hivyo, nitasema ukweli. Mpango wetu una kasoro, na kasoro yenyewe ni chai. Siku za baridi tunapakuliwa githeri na kikombe cha chai papo hapo, na watu hufurahi sana. Maharagwe yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na chai ina tanini ambazo huyashika madini hayo yasifyonzwe vizuri. Yaani unakula kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine. Msichana wa umri wetu huhitaji kama miligramu 15 za chuma kwa siku na mvulana 11, maana msichana hupoteza damu kila mwezi. (Mnaocheka huko nyuma, nyamazeni.) Chuma kikipungua, damu nayo hupungua, na mtu husinzia katika somo la hesabu akaitwa mvivu. Nimeona wasichana wakizirai gwarideni. Sisemi wote wamepungukiwa na damu, wengine ni njaa tu au jua kali. Lakini kila mara mtu hupaza sauti, "Mpeni chai ya moto!" Chai tena!

Kinachosaidia chuma kuingia mwilini ni vitamini C. Basi kwa nini tusile mapera? Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na msimu wake ukifika huoza chini ya miti tukiyapita njiani.

Jambo jingine ni mifupa. Sisi tunaokua huhitaji kama miligramu 1300 za kalisi kwa siku, na glasi moja ya maziwa ina kama 300 hivi. Maziwa ya Nyayo, ambayo watoto wa shule za msingi walianza kupewa bure mwaka 1979, sisi tumeyasikia tu kwa wazazi. Hata hivyo omena ipo, na huliwa pamoja na mifupa yake, ndiposa ina kalisi nyingi. Najua kuna wanaoziba pua omena ikipita. Hao watajijua.

Kwa hivyo naiomba kamati ya chakula mambo mawili. Kwanza, chai isogezwe hadi mapumziko ya saa nne, mbali na githeri, na itiwe sukari kidogo ili pesa zitakazobaki zinunue mapera au machungwa. Pili, omena ipikwe mara moja kwa wiki, hata kama ni kijiko kimoja kwa kila sahani. Nilimuuliza mpishi wetu akasema kwake hakuna neno, bora asiongezewe kuni za kupasua.