Usiuze Mtambo wa Muziki wa Babu kwa Kilo

Wadau, leo naongea na wenzangu wa Tanga, hasa mnaopita nyumba za Raskazone mkinunua vitu vya ndani vilivyotumika. Kuna mali mnaibeba kwenye mkokoteni na kuipeleka moja kwa moja kwenye mizani ya skrepa. Nasemea ile mitambo ya muziki ya zamani: amplifaya za Pioneer na Marantz, pleya za santuri, deki za kaseti, spika za mbao ambazo mpaka mbebe wawili.

Mnunuzi wa skrepa haoni muziki pale. Anaona bati, alumini na shaba ya kwenye transfoma. Anapima, analipa, anapasua. Ila yupo mteja mwingine anayeutaka mtambo ule ule ukiwa mzima, na bei yake haianzii kwenye kilo.

Ni nani huyo? Ni mtu aliyekulia kwenye sauti ile, au kijana aliyechoka na muziki wa simu. Anataka aweke santuri, ashushe sindano, akae asikilize upande mzima. Nairobi yuko Jimmy Rugami, mfanyabiashara wa kibanda kama sisi, ndani ya Soko la Kenyatta. Yuko pale miaka mingi, anauza santuri na pleya za zamani, na wageni wa nje ya nchi wanamtafuta hapo hapo kibandani.

Na sisi Tanga tuna sababu ya ziada. Huu ndio mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, mji wa taarabu ya Black Star na Lucky Star alizoimbia Shakila. Nyimbo zile zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikichapwa Nairobi. Kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, imetoa toleo zima la taarabu ya Mombasa na Tanga ya kati ya 1970 na 1990 kwenye mfululizo wake wa Zanzibara. Mfaransa ameona thamani, sisi tunaolala nazo uvunguni tunapima kilo?

Sasa tusidanganyane. Tunasema ya kale dhahabu, lakini si kila cha kale. Redio za plastiki zenye taa nyingi na spika nyepesi, nyingi zibaki skrepa tu. Na wapenzi wa mitambo hii wakikwambia sauti ya zamani inaishinda ya leo kwa kila kitu, wanazidisha. Wanachopenda hasa ni ule uzito, kitufe kinachozunguka taratibu, na mashine inayofunguliwa kwa bisibisi ikatengenezeka. Angalia pleya ya Technics SL-1200, ya kampuni ile ile ya redio na betri za National: ilitoka 1972, ikasimamishwa 2010, ikarudi sokoni 2016. Watu hawakuacha kuiulizia.

Msimamo wangu ni huu: mteja wa vitu hivi analipia uhakika, uzee peke yake haumtoi hela mfukoni. Amplifaya isiyojulikana kama nzima au mbovu ni kamari. Iliyopimwa, ikasikilizwa, na kasoro zake zikatajwa, hiyo ndiyo bidhaa. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usiwashe ili "kuonyesha inawaka". Mtambo uliolala miaka kumi una kapasita zilizochoka, unaweza kuungua mbele yako. Mpe fundi redio auwashe kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, iliyoungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti.

2. Soma volti nyuma. Vya Japani ni 100, vya Marekani 120, kwetu 230. Ukikosea hapo umechoma mtaji kwa sekunde.

3. Pleya ya mkanda kutoka Marekani ina mtego wake. Umeme wao ni hezi 60, wetu 50. Nyingi za zamani mota yake inafuata hezi, hivyo mizunguko 33 na theluthi inashuka mpaka karibu 28 na mwimbaji anasikika kama ana usingizi. Transfoma ya kupunguza volti haitibu hilo.

4. Vua kitambaa cha spika uangalie sponji inayozunguka koni. Raskazone imezungukwa na bahari. Unyevu ule unaozesha sponji na chumvi inakula vichwa vya waya. Sponji hubadilishwa, lakini gharama iingie kwenye bei unayonunulia.

5. Usipige msasa wala kupaka rangi. Mpenzi wa vitu hivi anataka mbao na maandishi ya mwanzo.

Hesabu nayo. Tuseme umenunua amplifaya 50,000, fundi 40,000, vipuri 20,000, usafiri 10,000. Tayari una 120,000 ndani. Ukiuza 150,000 umepata 30,000, lakini inaweza kukaa miezi sita bila mteja. Kwa hiyo mtaji wa vitunguu usiuhamishie huku. Anza na kimoja, kiuzike, ndio ufuate kingine.

Na yule anayekuuzia? Mara nyingi ni mama anayesafisha chumba cha marehemu mumewe, hajui kilichomo. Usimlalie. Chukua mali kauli: "Mama, naomba nikaupime kwa fundi, ukiuzika tunagawana hivi." Mwandikie karatasi. Raskazone watu wanajuana. Nyumba moja ikikusifu, jirani atakuita na kwake. Ukimdhulumu mmoja, geti la pili halifunguki.

Fundi naye usimkandamize. Hao waliojifunza kwenye mitambo hii umri unakwenda, na vijana wengi wamekimbilia simu. Mlipe vizuri, umwekee na kijana pembeni yake ashike risasi na bisibisi. Mzee akiondoka na ujuzi wake, hata ukipata amplifaya ya bure itabaki tofali.

Tahadhari ya mwisho. Akija mtu anatafuta redio ya zamani "yenye mekyuri" kwa mamilioni, mkimbie. Mekyuri nyekundu ya kwenye redio haipo. Ni utapeli wa siku nyingi, na mwaka 2009 kule Saudi Arabia watu waligombania cherehani za Singer kwa uvumi huo huo. Atakuomba hela ya kipimo, kisha namba yake haitapatikana.

Kwa hiyo wiki hii, kabla mkokoteni haujafika kwenye mizani, toa mitambo ya muziki uweke pembeni, mahali pakavu. Piga picha mbele na nyuma, maandishi yasomeke. Mtumie fundi. Akisema haufai, mizani bado itakuwa pale pale.