Baba Mtoto, Beseni Hiyo Hapo

Kila mtu mtandaoni ako na maoni kuhusu nepi za kitambaa. Kuna timu ya mazingira, inasema tuache daipa tuokoe dunia. Kuna timu ya mashosho, inasema wamama wa siku hizi ni wavivu, mbona sisi wote tulilelewa na nepi za pini na panti ya plastiki juu. Sawa, nimewasikia. Lakini timu zote mbili zinaruka swali moja: nani anafua?

Tuanze na doo. Mtoi mchanga hubadilishwa hata mara 10 kwa siku. Tuseme unanunua daipa mojamoja dukani kwa shilingi 20. Hiyo ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi. Kuna watu wanalipa keja pesa kidogo kuliko hiyo. Na daipa ikishatumika haiozi kama ganda la ndizi, juu ina plastiki ndani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini daipa bado unazipata kwa mitaro, kwa mito na kule Dandora.

Kwa hivyo niko upande wa kitambaa. Lakini wacha tuseme ukweli kuhusu kazi yenyewe, juu wengi wanaoisifu hawajawahi kuishika.

Kazi inaanza kabla mtoto azaliwe. Nepi mpya, iwe ya taulo ama zile za kisasa za vifungo, haivalishwi ikitoka tu kwa paketi. Pamba mpya iko na mafuta yake, mkojo unateleza juu yake badala ya kuingia. Unaifua na kuikausha mara kadhaa ndio ianze kunyonya vizuri. Fanya hivyo mimba ikiwa na miezi saba ama nane, si siku mnatoka hospitali. Ukifua kila siku, dazeni mbili zinatosha. Ikifika Julai, Nairobi ni baridi na jua limegoma, ongeza dazeni ingine.

Mtoi akifika, utaratibu ni huu. Kinyesi kinaenda chooni. Suuza na maji baridi, halafu fua na sabuni na maji moto, halafu suuza tena hadi maji yatoke safi, juu sabuni ikibaki inawasha ngozi ya mtoto. Softena achana nayo, inafanya kitambaa kikatae kunyonya. Na usimwage Jik kwa nepi zilizolowa mkojo. Mkojo una amonia, na ikikutana na klorini inatoa gesi ya kuumiza mapafu. Anika kwa jua kali, linasaidia kuua vijidudu na kutoa madoa. Kama unakaa sehemu za joto, piga pasi pande zote mbili. Kuna nzi anataga mayai kwa nguo mbichi kwa kamba, na funza wake wanaingia kwa ngozi.

Rudia hiyo kesho. Na kesho kutwa. Mama fua hata akikuja mara moja kwa wiki, nepi hazimngojei.

Sasa fikiria hiyo kazi yote ifanywe na mtu ametoka kujifungua juzi, pengine ameshonwa, halali, ananyonyesha kila saa mbili. Kisha akinunua daipa tunamwita mvivu. Mvivu ni nani hapo?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili na mshahara wake. Wiki mbili, wasee! Lakini wengi wanaenda baa kuosha mtoto miguu, na nepi za huyo mtoto zimelala kwa ndoo nyumbani zikinuka. Heri ungeosha hizo nepi, miguu ya mtoto iko sawa.

Najua msee wa boda ama wa mjengo hana likizo. Asipotoka, hakuna kula. Lakini kubeba mitungi miwili ya maji alfajiri na kusuuza nepi za usiku haitaki barua ya likizo. Ni dakika 30.

Na maji yenyewe pia ni stori. Kama mtaa wenu maji huja mara mbili kwa wiki na zingine zote unanunua kwa mtungi, na kamba ni moja kwa ploti nzima, hakuna mtu ana haki ya kukuhukumu ukitumia daipa. Changanya: kitambaa mchana ukiwa nyumbani, daipa usiku na ukisafiri. Hata ukipunguza nusu, hiyo ni kama 3,000 imebaki kwa mfuko.

Kwa hivyo, marafiki mnaopanga beibi shawa, punguzeni mabaluni. Leteni nepi dazeni moja, ndoo ya mfuniko na kamba ya kuanika. Na wewe baba mtoto unayepost picha ya mkono mdogo umeshika kidole chako, ni picha poa, tumelike. Sasa beseni hiyo hapo. Fua kwanza, halafu tutaongea mazingira.

Kwenu nani anafua? Semeni ukweli.