Cheti Hakisalimu Watu

Liko neno moja linalosemwa na wazazi wengi huku vijijini, nami nimekusudia kulipinga. Husema, "Mwanangu akiisha kupata shahada, kazi yangu imekwisha, yaliyobaki ni ya waajiri." Hulinena kwa nia njema, watu waliouza ng'ombe na mahindi ya akiba ili mtoto asome. Walakini neno hili si kweli, tena linawaponza vijana wetu. Cheti chaeleza mtu amesoma nini. Hakielezi kama aweza kufanya kazi pamoja na watu, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Na tuitazame Mikocheni, katika wilaya ya Kinondoni, mjini Dar es Salaam, ambako vijana wetu wengi huenda kutafuta kazi. Jina lake latokana na mikoche, miti ya jamaa ya mnazi. Leo hapo pana viwanda, maofisi, maduka makubwa, vituo vya redio na televisheni, hospitali, na chuo kikuu chenye jina la Kairuki, kilichoanzishwa mwaka 1997, ambacho hufunza waganga na wauguzi. Asubuhi utawaona vijana wakishuka katika daladala kando ya barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi wangali wakiiita Bagamoyo ya Zamani, kila mmoja na bahasha ya vyeti kwapani. Wengi wamesoma masomo yale yale na kupata alama zile zile. Basi mwajiri atamchagua nani? Atamtafuta yule ajuaye kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, atunzaye saa, awezaye kusema, "Sijafahamu, tafadhali nieleze tena", aambiaye mapema kwamba kazi imeharibika, asingoje mpaka igunduliwe, na awezaye kumjibu mteja mwenye hasira pasipo kuwaka naye.

Wataalamu wameyaita mambo haya stadi laini. Jina hili silipendi, kwa kuwa mtu akisikia "laini" hufikiri uji, kitu kisichohitaji meno. Jaribu wewe kumwambia mkubwa wako, mtu wa umri wa baba yako, ya kuwa amekosea katika hesabu, pasipo kumwaibisha mbele ya watu, wala kuificha kweli. Kisha uniambie kama kazi hiyo ni laini! Mimi nitaiita adabu ya kazi.

Mtu atauliza, "Je, upungufu huu uko kweli, au ni manung'uniko ya matajiri?" Mwaka 2014 magazeti yalitangaza uchunguzi wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki, ya kwamba kwa maoni ya waajiri zaidi ya nusu ya wahitimu wa nchi zetu hawakuwa tayari kwa kazi, na kwa Tanzania hesabu iliyotajwa ilikuwa 61 katika kila 100. Sisemi kwamba wote hao walikosa adabu ya kazi tu, maana wengine walipungukiwa na ujuzi wenyewe. Walakini hesabu hiyo yatosha kumwamsha mzazi adhaniye ya kuwa shahada ni mwisho wa safari.

Mwingine atajibu kwa ukali, "Kazi zenyewe ziko wapi? Wafunze adabu utakavyo, nafasi hazitaongezeka." Hoja hii ina nguvu, wala siikimbii. Mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 2014, zaidi ya vijana 10,000 walifika katika Uwanja wa Taifa, wilayani Temeke, kufanyiwa usaili wa kazi ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70 tu. Hakika adabu haiwezi kuzigeuza nafasi 70 kuwa 10,000. Hilo ni deni la wenye mamlaka na wenye mali. Lakini fikiri, ewe msomaji: wale waliorudi nyumbani walikwenda kufanya nini? Kijana asiyepata ofisi hana budi kufungua duka, au kushona, au kufuga, au kuuza dawa za mifugo. Na huko ndiko adabu ya kazi inakodaiwa kwa ukali zaidi, maana hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mteja aliyejibiwa vibaya leo, kesho atanunua kwa jirani, wala hatatoa sababu. Wengine husema ati kazi hupewa mwenye mjomba. Upendeleo upo, nao ni dhambi. Ila kijana asiye na mjomba ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya sifa hizi, kwa kuwa hana kitu kingine cha kumtetea.

Sasa nitaleta ushahidi kwamba jambo hili si la kupamba tabia tu, bali laweza kuwa la uhai na mauti. Huko Ifakara, katika mkoa wa Morogoro, iko hospitali ya misheni iitwayo Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 2007 na 2008 hospitali hiyo ilikuwa moja kati ya hospitali 8 za ulimwengu, pamoja na za London, Toronto na Manila, zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kufuatwa wakati wa upasuaji. Orodha ina mambo 19. Mengine ni ya dawa na vyombo; mengine ni ya kinywa na masikio tu: kila mtu aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake; wasimame kidogo kabla ya kisu, wahakikishe mgonjwa ni nani na apasuliwa wapi; kila mmoja aseme analoliogopa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15. Baadaye walikufa 8. Mabingwa wale walikuwa na shahada zao tangu mwanzo. Kati ya mambo yaliyoongezwa, moja ni hili la kuwafanya waseme na kusikilizana, hata muuguzi mdogo apate ruhusa ya kumwambia mganga mkubwa, "Ngoja kwanza." Nani atasema tena ya kuwa hili ni jambo dogo?

Basi upungufu umetoka wapi? Zamani kijana aliyetaka kuwa seremala alikaa miaka kwa fundi wake. Alijifunza kuranda mbao, na pamoja na hayo alijifunza jinsi ya kumpokea mteja, kupatana bei, na kukubali kukemewa. Shule zilipokuja zilileta heri kubwa, lakini mtihani uligeuka kuwa mfalme. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alilalamika ya kuwa shule zetu zawafanya vijana waidharau hekima ya wazee wasiosoma, kana kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Miaka mingi imepita, na ugonjwa ule haujatutoka. Hata leo mtoto hupongezwa kwa alama, na mara haba husifiwa kwa kuwa alisema kweli ilipomgharimu.

Ndugu zangu wa vijijini, hapa sitawasifu tu. Adabu ya kazi ina mikono miwili: kusikia na kunena. Mkono wa kwanza twaufunza vizuri. Mtoto wa kijijini ajua kuamkia, kungoja zamu, kumpisha mkubwa, kuketi msibani akanyamaza. Na hiyo ni mali ambayo watoto wengi wa mjini hawana. Mkono wa pili tumeukata sisi wenyewe. Mtoto akiuliza kwa nini, huambiwa amekosa heshima. Darasani akijibu vibaya huchekwa, au huchapwa. Huyu akifika Mikocheni, akipewa kazi asiyoielewa, atafanyaje? Ataitikia "ndiyo" kwa adabu, atainamia meza yake siku tatu, na siku ya nne itaonekana ya kuwa hakuna kilichofanyika. Mwajiri atamwita mvivu, au mdanganyifu. Kumbe ni mwoga tu, na woga huo tulimfunza sisi tukiuita heshima.

Maandiko yatuonyesha watu wawili wa kutufaa. Rehoboamu alikuwa na kiti cha enzi cha baba yake, ambacho ni zaidi ya cheti chochote. Watu walipokuja kumwomba awapunguzie mzigo, aliyakataa mashauri ya wazee, akawajibu kwa maneno makali. Makabila kumi yakamwacha. Ufalme ulipasuka kwa sababu ya jawabu moja. Na Apolo je? Alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua sana Maandiko. Hata hivyo Akila na Prisila, watu waliofanya kazi ya kushona hema, walipomchukua na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, alikubali kufunzwa nao. Tazama pia Akila na Prisila jinsi walivyoisema kweli kwa mtu aliyewazidi kwa elimu. Apolo alijua kusikia, nao walijua kunena.

Sitawaacha waajiri nao. Wako miongoni mwao walalamikao kwamba vijana hawana adabu, nao wenyewe humtumia mhitimu miezi sita pasipo ujira, kazi yake kuleta chai. Kisha humwondoa na kumwita mwingine. Huyo amejifunza nini? Wako wengine wapendao neno adabu kwa sababu wataka mtumishi asiyeuliza fedha imekwenda wapi. Na wako waovu wamtakao binti aibu kama bei ya kazi, wakimwambia anyamaze. La hasha! Kunyamaza huko si adabu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yahesabu tendo hilo kuwa kosa la jinai, na binti aliyefunzwa kunena ndiye atakayeweza kushitaki. Ndiyo sababu nasema mikono miwili. Ukifunza kusikia pasipo kunena, umelea mtumwa. Ukifunza kunena pasipo kusikia, umelea Rehoboamu.

Tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza katika shule, na mmoja wa mikondo ya sekondari ni ule wa amali, ambao humpa mwanafunzi ufundi wa mikono. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Walakini fundi bomba asiyetimiza ahadi ya saa nne atafukuzwa kama karani asiyetimiza. Mtaala peke yake hautatosha, maana samaki hukunjwa angali mbichi, na ubichi wa mtoto uko nyumbani kabla ya shuleni.

Basi tufanye nini, sisi tusio na ofisi wala kiwanda? Mzazi, mtume mtoto dukani, na arudipo mwache akutolee hesabu ya kila shilingi mwenyewe. Akivunja chungu akaja kukuambia kabla hujaona, mkemee kwa kuvunja, na umsifu kwa kusema. Akiuliza kwa upole, mjibu, hata kama swali lake lakuchosha. Mwalimu, wape wanafunzi mjadala, na umfundishe kila mmoja kuyarudia maneno ya mpinzani wake kwa haki kabla ya kuyajibu. Wazee wa kanisa, wapeni vijana kazi ya kweli: mmoja atunze daftari ya kwaya, mwingine aandike kumbukumbu za mkutano, mwingine awaeleze washarika matumizi ya sadaka ya mavuno, naye aulizwe maswali. Kwa mambo hayo haihitajiki ada.

Wala tusingoje mpaka mtoto amalize chuo. Siku atakaposhuka Mikocheni na bahasha yake, atakuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na mengi yatakuwa yamekwisha kuumbika ndani yake. Leo yuko hapa uani, ana miaka minane, na amekuja kutuuliza swali. Tumjibu.